Nyumba ya Asiyekuwapo: Mazungumzo juu ya Makao na Amani

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni. Tunayachapa kwa ombi la vikundi vya wasikilizaji, ili yasomwe na kujadiliwa katika kila avenyu. Mwishoni utakuta maulizo ya kuzungumzia pamoja.)

 

Leo tutazungumza juu ya nyumba. Mimi si fundi wa kujenga, wala si mtu wa sheria. Nilikuwa shefu wa avenyu kwa miaka mingi, katika mji mmoja kando ya ziwa Kivu. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu anayetaka kufagia njia aanze mbele ya mlango wake.

Jioni moja watu wawili walikuja kwangu na karatasi ya kuuziana parsele. Mmoja alikuwa ndugu ya mwenye parsele, wa pili alikuwa mnunuzi. Mwenyewe, baba wa watoto watano, alikuwa amekimbia vita pamoja na jamaa yake, na hatukujua wako wapi. Ndugu yake akaniambia: «Shefu, kaka amekufa huko porini. Mimi ndimi niliyebaki. Tia sahihi tu, wewe ni shahidi.» Sikuuliza majirani. Sikuuliza kama mke yuko hai. Nilitia sahihi, nikapiga muhuri, nikapokea matabishi yangu, nikaenda kulala.

Mwaka uliofuata mama alirudi. Mume alikuwa amekufa kweli, lakini yeye na watoto walikuwa wazima. Alifika jioni, mzigo kichwani, akakuta mlango mpya wa chuma na watu asiowajua wanapika ndani. Na yule mnunuzi hakuwa mwizi. Alikuwa ameuza ng'ombe wake na kutoa pesa zote za likelemba ili apate parsele ile. Naye alikuwa na watoto. Naye alikuwa amekimbia kwao. Watu wawili maskini mbele ya mlango mmoja, kila mmoja anajiona ana haki, na katikati yao kuna sahihi yangu.

Usiku wa tatu mawe yalitupwa juu ya mabati. Usiku wa tano kijana mmoja alikatwa na panga mkononi. Hata juma la pili halijaisha, watu wa avenyu hawakusema tena «mama fulani» na «baba fulani». Walisema «sisi» na «wale». Kila mmoja alikumbuka kabila lake. Ugomvi wa parsele moja, yenye nyumba ya mbao ya vyumba viwili, ulikuwa unageuka kuwa ugomvi wa watu na watu.

Hapo nilifahamu jambo ambalo ndilo nataka ubaki nalo leo. Kumzuia mtu asipoteze nyumba yake ni kazi ndogo kuliko kumtafutia nyingine. Na kazi hiyo ndogo iko mikononi mwa utawala wa chini kabisa: shefu wa nyumba kumi, shefu wa avenyu, shefu wa kartie, bugumestri wa komini. Wao wakilala, hakuna shitingi za kutosha duniani za kuwafunika wote watakaolala nje.

Karatasi na majirani

Wengi wetu tunafikiri kwamba parsele ni yetu kama shati lilivyo letu. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema vingine: ardhi ni mali ya leta, na mtu anapewa haki ya kuitumia. Karatasi inayoonyesha haki hiyo mbele ya sheria ni sertifika ya kuandikishwa, inayotolewa na mwenye kazi ya hati za ardhi. Karatasi ya kuuziana yenye sahihi ya shefu si sertifika. Lakini tuseme kweli: katika kartie zetu za pembeni wenye sertifika ni wachache. Walio wengi wana karatasi ya shefu na maneno ya majirani, basi. Ndiyo sababu sahihi ya shefu ni nzito kuliko anavyofikiri.

Sheria ile ya 1973 ilikuwa na kifungu kingine ambacho watu wa Ituri wanakijua kwa machozi. Sertifika ikiisha kupita miaka miwili bila mtu kuipinga, haiwezi tena kushambuliwa. Huko Djugu wako wenye mashamba makubwa waliotengeneza karatasi juu ya ardhi iliyokaliwa na watu, wakaificha mfukoni miaka miwili, kisha wakaitoa. Wanavijiji wakaambiwa: muda wenu umepita. Mwaka 1999 ugomvi wa mashamba ya namna hiyo, kati ya Wahema na Walendu, ulikuwa chanzo kimoja cha vita vilivyoua maelfu na maelfu na kuchoma vijiji vingi. Karatasi iliyofanywa kwa siri ilizaa moto ambao kila mtu aliuona.

Basi shefu afanye nini? Afanye kila kitu mchana. Awe na daftari moja la avenyu, na kila parsele iandikwe: nani anakaa, nani ni mwenyewe, majirani wake wanne ni nani, na kama mwenyewe hayupo, aliondoka lini na kwa sababu gani. Parsele ikitaka kuuzwa, itangazwe kwanza mbele ya watu wa avenyu, na majirani wanne waulizwe. Mke aulizwe. Watoto wakubwa waulizwe. Na parsele ya mtu aliyekimbia vita isitiwe sahihi hata kidogo, hata muuzaji awe ndugu yake wa tumbo moja, mpaka habari za mwenyewe zijulikane. Daftari hilo linagharimu nini? Bei ya daftari la mtoto wa shule. Mimi singekuwa na aibu niliyo nayo leo kama ningelikuwa nalo.

Mpangaji na mwenye nyumba

Wako wengine wanaopoteza makao bila vita na bila kuuziwa. Ni wapangaji. Mwezi mmoja kazi imekosa, mwezi wa pili mtoto amelazwa hospitalini, mwezi wa tatu vitu viko nje barabarani na mvua inanyesha juu ya godoro.

Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya kupangisha nyumba ilisema kwamba garanti ya nyumba ya kukaa isipite kodi ya miezi 3. Wewe unajua jinsi mambo yanavyokwenda: wako wanaoomba miezi 6, wako wanaoomba 10. Mtu aliyetolewa nyumba moja hawezi kuingia nyingine, si kwa sababu ameshindwa kodi ya mwezi, bali kwa sababu ameshindwa garanti. Anakwenda kwa shemeji, kisha kwa rafiki, kisha kwenye varanda ya kanisa. Sheria hiyo pia inataka mashindano ya mpangaji na mwenye nyumba yapelekwe kwanza kwa ofisi ya leta inayosimamia mambo ya makao, wapatanishwe, kabla ya kwenda mbele ya waamuzi. Ofisi hiyo mara nyingi iko palepale kwenye komini yako. Ni watu wangapi wanaijua njia yake?

Tusimwonee mwenye nyumba. Mama mjane anayepangisha vyumba viwili anakula kwa vyumba hivyo. Asipolipwa, naye na watoto wake wanalala njaa. Kwa hiyo upatanisho si kumwambia mwenye nyumba avumilie tu. Ni kuketi na kuhesabu: deni ni kiasi gani, mpangaji anaweza kulipa nini kila juma, na kama hawezi kabisa, atatoka siku gani akiwa na mahali pa kwenda. Mapatano yaandikwe, wote wawili watie sahihi, shefu abaki na nakala. Nimeona madeni mengi ya miezi mitatu yakilipwa kidogo kidogo kwa njia hiyo. Sijaona deni hata moja lililolipwa na godoro lililotupwa katika matope.

Mjane na watoto

Sasa niseme neno ambalo wanaume wengine hawatalipenda. Katika avenyu zetu, watu wengine wanafukuzwa na vita, wengine na volkano, na wengine na matanga. Baba amezikwa leo. Kesho ndugu zake wanakuja kuhesabu mabati. Mjane anaambiwa: «Nyumba ni ya ukoo wetu, rudi kwenu.» Watoto wanatawanywa. Mmoja anaonewa kwa shangazi, anakimbia, na baada ya mwaka tunamwona sokoni, tunamwita maibobo, tunasema ni mwizi. Nani alimfanya vile? Sisi tuliokaa kimya siku ya tatu ya matanga.

Sheria ya jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 inampa mume au mke aliyebaki haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyoishi pamoja na kuvitumia vyombo vya nyumbani. Watoto ndio warithi wa kwanza. Ndugu za marehemu si wa kwanza. Lakini haki hiyo inasimama vizuri pale ndoa imeandikwa kwenye komini. Ndoa ya mahari peke yake, au ya kanisani au msikitini peke yake, inamwacha mama katika maneno ya mdomo. Bugumestri anayepanga siku za kuandika ndoa za watu wasio na uwezo, bila kuwachosha kwa malipo na «rudi kesho», anajenga nyumba nyingi bila tofali hata moja. Na shefu anayekuja kwenye matanga na kusema mbele ya ukoo wote, «Mama huyu na watoto wake hawatoki hapa», anafanya kazi ya amani.

Siku ya msiba mkubwa

Kuna siku ambazo nyumba zinakwenda zote pamoja. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilimwaga moto wake katikati ya Goma mpaka ziwani. Watu wapata 120,000 walibaki bila nyumba. Tarehe 22 Mei 2021 ikalipuka tena, ikaharibu maelfu ya nyumba upande wa Nyiragongo, na siku tano baadaye sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuondoka. Tarehe 4 Mei 2023 mvua na maporomoko yalifagia Bushushu na Nyamukubi katika teritwari ya Kalehe, na watu zaidi ya 400 wakafa.

Mwaka 2002 wengi walilala wapi? Kwa watu. Jamaa kwa jamaa, rafiki kwa rafiki, mkristo kwa mwislamu, familia mbili na tatu katika chumba kimoja. Huo ndio msaada wa kwanza wa nchi hii, na hautangazwi. Lakini wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jamaa inayopokea wageni kumi inamaliza akiba ya chakula, choo kinajaa, watoto wanagombana, na mwisho wageni wanatoka kwa maneno mabaya. Utawala unaotaka kupunguza watu wasio na makao uandike nyumba zilizopokea, si waliopokewa tu. Msaada ukifika, nusu ya unga ikipita kwa mwenyeji, mgeni wake atakaa miezi sita zaidi bila ugomvi. Ukigawa kwenye makambi peke yake, utawavuta watu watoke katika nyumba waende chini ya shitingi.

Kisha kuna mambo ya kurudi na kujenga. Goma watu walijenga upya juu ya mawe meusi. Mawe yalikuwa yamefunika alama zote za mipaka. Pale ambapo hakuna daftari, ni majirani wanaojua: «Mwembe wake ulikuwa hapa, choo changu pale.» Wasipoketi pamoja mapema, mwenye nguvu ndiye anapima.

Na penye hatari, kama kwenye mabonde yanayoporomoka na kingo za mito, shefu asiuze. Ninajua shefu anayeuza kipande cha korongo kwa maskini anasema: «Yeye mwenyewe alitaka.» Alitaka kwa sababu hakuwa na pengine. Na wewe bugumestri unayetaka kuwatoa watu hatarini, fanya vema, lakini onyesha kwanza mahali watakapokwenda, kisha ndipo uvunje. Ukivunja kwanza, watahamia korongo la pili, na moyo wao utakuwa umejaa uchungu.

Wanaporudi

Neno gumu zaidi ni la watu wanaorudi. Mwezi wa pili wa mwaka 2025 makambi mengi yaliyouzunguka mji wa Goma yaliondolewa, na malaki ya watu wakashika njia. Wengine walikuta nyumba zimeanguka. Wengine walikuta mtu mwingine ndani. Mimi sitasema hapa habari za wenye silaha. Shefu wa avenyu hawezi kusimamisha vita. Lakini siku ya mtu kurudi, wa kwanza kuonana naye ni shefu na majirani, na neno la kwanza analolisikia linaweza kumtuliza au kumtuma kutafuta bunduki.

Majirani zetu wa Burundi wametangulia katika shule hii. Wakimbizi wa mwaka 1972 waliporudi baada ya miaka zaidi ya thelathini, walikuta wengine wamezaa na kuzika juu ya ardhi yao. Mwaka 2006 nchi iliunda Tume ya taifa ya ardhi na mali nyingine. Mwanzoni tume ilijaribu mara nyingi kuwapatanisha wagawane. Kuanzia 2011 ilishika njia nyingine, ya kumrudishia aliyekimbia mali yote. Waliotolewa wakalia kwamba walipewa ardhi na utawala wenyewe, hawakuiba, na sasa wao ndio wasio na makao. Huko Makamba ugomvi ulipamba moto mpaka, mwezi wa tatu 2015, kazi ya tume ikasimamishwa. Fundisho ni lipi? Ukimrudishia mmoja nyumba kwa kumlaza mwingine nje, hujapunguza wasio na makao. Umebadilisha majina yao tu. Haki ya mwenyewe lazima irudi, lakini anayetoka naye lazima awe na mahali pa kwenda, na aliyeuza kwa uongo ndiye alipe.

Katika Kivu zipo kamati za kudumu za upatanisho, zilizoanzishwa baada ya mapatano ya tarehe 23 Machi 2009. Nia yake ilikuwa hii hasa: wazee, wanawake, vijana na watu wa kila kabila waketi wasikilize kesi za ardhi za wanaorudi. Penye kamati iliyo hai, itumie. Penye iliyolala, iamshe. Lakini ujue mpaka wake: mpatanishi si mwamuzi. Hawezi kumfunga mtu, hawezi kutoza faini, na penye damu iliyomwagika kesi inakwenda kwa waamuzi wa leta. Shefu anayejifanya tribinali na kula mbuzi wa pande zote mbili anaongeza vita.

Wewe utauliza: na yule mama wako, ulimfanyaje? Shefu wa kartie alituita, tukaketi siku za Jumamosi nne. Mimi nilisimama mbele ya wote nikasema: «Nilitia sahihi bila kuuliza.» Yalikuwa maneno machungu kuliko yote niliyowahi kusema. Niliyaandika pia kwenye karatasi, nikaipeleka kwenye komini, na matabishi nikayarudisha. Ndugu ya marehemu alikubali kulipa pesa za mnunuzi kidogo kidogo. Mama na watoto wakakaa katika chumba kimoja kwa jirani, mnunuzi akabaki katika ile nyumba mpaka apate pesa za kutosha kununua pengine. Ilichukua miezi 14. Mara mbili karibu mapatano yavunjike. Siku mnunuzi alipohama, mama yule alimsaidia kubeba vyungu. Sikuona wakikumbatiana, na sikutegemea. Lakini mawe hayakutupwa tena, na watoto wao walisoma shule moja.

Wako watakaosema: leta haina pesa, tutapunguzaje watu wasio na nyumba? Ni kweli, komini zetu haziwezi kumjengea kila mtu. Lakini daftari, kikao cha mchana, mapatano ya deni, ndoa iliyoandikwa, shefu anayesema neno kwenye matanga: hakuna hata kimoja katika hivyo kinachongoja pesa ya Kinshasa. Vinangoja mtu asiyekubali kutia sahihi usiku.

Nawe usiye shefu, usiseme haikuhusu. Jirani yako aliyekimbia amekuachia kazi: kukumbuka mpaka wake. Atakayekuja na karatasi ya kununua parsele ile, mwambie tu: «Mwenyewe yuko. Hayupo hapa leo, lakini yuko.»

 

Maulizo ya kuzungumzia katika kikundi

1. Katika avenyu yenu kuna parsele ngapi ambazo wenyewe hawapo? Nani anazilinda?
2. Mwaka huu mmeona mpangaji aliyetolewa nje? Nani angeweza kuwapatanisha kabla ya siku ile?
3. Ni jamaa gani kati yenu zimepokea wageni waliokimbia? Zinahitaji nini ili ziendelee?
4. Ndoa ngapi kati ya zenu zimeandikwa kwenye komini? Nini kinawazuia wengine?
5. Chagueni jambo moja ambalo kikundi chenu kitamwomba shefu alifanye mwezi huu, nanyi mtamsaidia namna gani.